Kuhesabu virusi vya bahari ya kina: kuanzia winchi hadi darubini

Mililita moja ya maji ya juu ya bahari kwa kawaida ina virusi kama milioni kumi. Ukishuka mita 1000, idadi hupungua hadi laki kadhaa au milioni moja hivi. Karibu vyote havina habari na binadamu wala na samaki. Windo lao ni bakteria na akea, vijidudu vinavyoishi gizani huko chini. Wingi huu ulianza kuonekana wazi mwaka 1989, watafiti wa Bergen, Norwei, walipoyaweka maji ya bahari chini ya darubini ya elektroni. Mwaka 2008 mtafiti Roberto Danovaro na wenzake wakaonyesha kwamba katika matope ya sakafu ya bahari, chini ya mita 1000, vifo vya vijidudu hivyo karibu vyote husababishwa na virusi.

Mwongozo huu ni wa kuhesabu virusi hivyo kwa darubini ya mwanga wa rangi, na baadaye kuvikusanya kwa chuma kwa ajili ya kusoma jeni zao. Pwani ya Afrika Mashariki kina hakiko mbali: Mkondo wa Pemba una maji ya mamia ya mita mahali ambapo nchi kavu bado inaonekana. Kufika huko ni rahisi. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba unachohesabu kwenye slaidi kilitoka chini kweli, na kwamba hakijapungua njiani.

Kabla ya kuondoka gati

Tengeneza maji safi ya kutosha kwanza. Maji yaliyochemshwa, au yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, bado yana chembe zinazong'aa, kwa hiyo yapitishe kwenye chujio la mikroni 0.02 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Lita moja inatosha kwa safari fupi. Glutaraldehaidi, dawa ya kuhifadhi sampuli, nayo ichujwe hivyo hivyo kwa chujio la sindano, maana kihifadhi cha dukani huwa na takataka zake.

Kisha tengeneza slaidi tupu: mililita 5 za maji hayo, kihifadhi kile kile, rangi ile ile, chujio lile lile. Ihesabu. Ukikuta nukta mbili tatu kwa kila mraba wa mikroni 100 kwa 100, nenda. Ukikuta thelathini, usiondoke. Tafuta kwanza chanzo, ambacho mara nyingi ni rangi iliyozeeka au mnara wa kuchujia, chombo kinachoshika chujio, ambao haukuoshwa sawasawa. Mtu anayefanya kazi ya maji ya juu anaweza kuvumilia nukta thelathini kwa sababu mililita moja tu inampa zaidi ya mia tatu kwa mraba. Wewe wa kina utapata themanini au tisini hata ukichuja mililita 5, na theluthi ya matokeo yako itakuwa uchafu.

Madumu ya lita 20 yaoshwe kwa asidi hidrokloriki ya asilimia 10, yasuuzwe mara tatu, yafungwe. Na ukiweza kuchagua wakati, nenda tanga mbili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi. Kusi ikishapamba moto, mawimbi pamoja na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini hulaza kebo, na kina unachodhani umekifikia hukukifikia.

Kuteka maji

Chupa ya Niskin ni bomba la plastiki lenye vifuniko viwili. Inashuka ikiwa wazi pande zote, maji yakipita ndani yake, halafu inafungwa kwenye kina unachotaka. Kama una CTD, kile chombo kinachopima chumvi, joto na kina, chupa hufungwa kwa amri ya kompyuta na kina unakisoma moja kwa moja. Kama huna, utateremsha chupa kwenye kebo na kuifunga kwa uzito wa shaba unaoachiwa uteleze kutoka juu. Shika kebo kwa vidole: uzito ukigonga chupa, mtikiso mdogo unapanda hadi mkononi. Usiposikia kitu, usivute. Subiri kidogo, kisha achia uzito wa pili.

Kebo ikilala, pima pembe yake kutoka wima. Winchi imetoa mita 800 na kebo imelala nyuzi 25? Zidisha 800 kwa 0.906, unapata mita 725 hivi. Hata hiyo ni makadirio, kwa sababu kebo ndani ya maji haikunyooka. Andika namba zote mbili kwenye daftari.

Chupa ikifika sitahani, iangalie kabla ya kugusa bomba. Maji ya mita 1000 yana joto chini ya digrii 10, ilhali hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo chupa iliyofungwa chini hutoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Chupa iliyokauka au yenye uvuguvugu ilifungika juu, mwaga. Halafu fungua bomba la chini bila kufungua kidirisha cha hewa cha juu. Maji yakitoka mfululizo, hewa inaingia mahali fulani, maana yake kifuniko hakikukaa vizuri na chupa ilikuwa ikivuja safari nzima ya kupanda.

Uvujaji mdogo unadanganya kuliko watu wanavyodhani. Chukua chupa ya lita 10 yenye maji ya kina, virusi laki tano kwa mililita. Nusu lita ya maji ya juu ikiingia, yenye milioni kumi kwa mililita, hesabu inapanda hadi karibu laki tisa na elfu sabini na tano. Asilimia 5 ya uchafu imekaribia kukupa matokeo maradufu, na huwezi kuona chochote kwa macho. Ndiyo maana chumvi ya maji ya kila chupa ipimwe na kulinganishwa na ile ya CTD. Zisipolingana, chupa hiyo haina ushahidi.

Suuza neli za sampuli mara tatu kwa maji ya chupa hiyo hiyo. Chukua neli tatu za mililita 50 kwa kila kina, na kama utakusanya kwa chuma, lita 20, yaani chupa mbili. Weka kivulini. Jua la saa sita juu ya sitaha linaua virusi na kuyapasha maji yaliyokaa baridini miaka mingi.

Kihifadhi, na mbio za saa

Mimina mililita 49 za sampuli juu ya mililita 1 ya glutaraldehaidi ya asilimia 25. Unapata asilimia 0.5. Geuza neli taratibu, usitikise, kisha iache kwenye barafu gizani kwa dakika 15. Vaa glavu na ufanyie kazi penye upepo. Mvuke wake unachoma macho na koo.

Sasa chuja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena kwa nia njema: mtu anaweka neli kwenye friji ya mashua akisema atachuja akifika maabara. Kihifadhi huzuia kuoza, lakini virusi huendelea kupotea. Vingine vinavunjika, vingine vinang'ang'ania ukuta wa neli. Upotevu unaanza saa za mwanzo, na baada ya siku chache kwenye friji sehemu kubwa imeshakwenda. Mbaya zaidi, sampuli hazipungui kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hakuna namba ya kuzidisha itakayorudisha ukweli.

Kama mashua inayumba mno kwa kuchuja, kuna njia moja tu ya heshima: tia mililita 2 kwenye vichupa vya kugandisha, tumbukiza katika nitrojeni kimiminika, kisha hifadhi kwenye digrii 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya digrii 20 chini ya sifuri hugandisha polepole na fuwele za barafu huvunja kila kitu. Vichupa hivi pia vinafaa kwa mashine ya sitometri, ambayo huhesabu haraka, ingawa haikuonyeshi kwa macho unachokihesabu.

Kuchuja na kutia rangi

Lowesha chujio la kuunga mkono la mikroni 0.45 na ulilaze kwenye mnara wa milimita 25. Juu yake weka Anodisc ya mikroni 0.02, upande wenye pete ya plastiki ukitazama juu. Anodisc ni oksidi ya alumini, nyembamba na kavu kama kaki ya biskuti. Ukiikunja kidogo tu, inalia na kupasuka. Ishike kwa koleo bapa, kwenye pete tu.

Mimina mililita 1 kwa maji ya juu, mililita 5 kwa maji ya mita 500 kwenda chini. Uvutaji wa pampu usizidi kilopaskali 15, kama milimita 110 za zebaki. Ukizidisha, virusi vinapasuka au vinajipanga pale penye tundu kubwa. Maji yakiisha, toa chujio pampu ikiwa bado inavuta. Ukizima kwanza, maji yaliyobaki chini hurudi juu na kuhamisha ulichokikusanya.

Rangi ni SYBR Green I. Ipunguze kwanza mara 10 kwa maji yaliyochujwa, kisha chukua mikrolita 2.5 za mchanganyiko huo na mikrolita 97.5 za maji. Hiyo ni ya chujio moja. Weka tone la mikrolita 100 kwenye sahani ya plastiki, laza Anodisc juu ya tone, upande wa sampuli ukiwa juu, funika kwa foili dakika 15. Rangi hupanda yenyewe kupitia vitundu. Usiiweke juu ya sampuli. Itasukuma virusi pembeni. Glavu zisitoke mkononi: rangi hii hushika DNA, ya kwako ikiwemo, na imeyeyushwa katika kimiminika kinachopenya ngozi.

Inua chujio, gusisha upande wa chini kwenye karatasi laini ili rangi iliyosalia inyonywe, kisha liache gizani likauke kabisa. Likiwa bado na unyevu linaonekana lina rangi ya maziwa, na picha itakuwa na ukungu. Masika, hewa ya pwani ikiwa nzito, ukaushaji unachukua muda mrefu kuliko kitabu kinavyosema; weka chujio kwenye boksi lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Likikauka, liweke kwenye slaidi kati ya matone mawili ya mikrolita 20 ya gliserini iliyochanganywa nusu kwa nusu na bafa ya fosfeti (bafa ni kimiminika kinachozuia pH isibadilike), ikiwa na asilimia 0.1 ya p-fenilinidayamini ya kuzuia rangi isififie. Dawa hiyo ikigeuka kahawia, imekufa. Igawe kwenye vichupa vidogo na kuigandisha, utoe kimoja kimoja.

Slaidi zinakaa kwenye friza ya digrii 20 chini ya sifuri kwa majuma kadhaa. Unapozitoa, ziache kwanza ndani ya boksi lililofungwa hadi zipate joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu ya kioo.

Kwenye darubini

Tumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta na mwanga wa buluu. Virusi vingi ni vidogo kuliko nanomita 200, chini ya kile ambacho darubini ya mwanga inaweza kupambanua, na bado utaviona. Ni kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku: mashua huioni, unaona mwanga wake. Nukta ndogo kali za kijani ni virusi. Vidonge vikubwa, vyenye umbo na mwanga mpana, ni bakteria na akea. Vihesabu pia katika slaidi hiyo hiyo. Kitu chenye kingo zisizoeleweka au rangi ya njano ni takataka, kiruke.

Hesabu angalau miraba 20 na nukta zisizopungua 200 kwa jumla, ukihama ovyo kwenye chujio zima, si katikati tu. Kila mraba uuhesabu ndani ya nusu dakika kabla rangi haijafifia. Ukikuta mraba mmoja una 40 na wa jirani 200, sampuli haikutandaa sawa. Rudia chujio, usichukue wastani wa uongo.

Hesabu yenyewe ni hivi. Pima kipenyo cha eneo lililochujiwa kwa kweli, si cha chujio zima. Likiwa milimita 19, eneo ni milimita za mraba 283.5. Mraba wa mikroni 100 kwa 100 ni milimita ya mraba 0.01, kwa hiyo chujio lina miraba 28,350. Tuseme wastani wako ni 88 na slaidi tupu ina 3. Toa, unabaki na 85. Zidisha kwa 28,350, gawa kwa mililita 5: unapata 481,950. Kihifadhi kiliipunguza sampuli kidogo, basi zidisha kwa 50 na kugawa kwa 49. Jibu ni kama 492,000 kwa mililita. Ukikosea kipenyo kwa milimita moja, ukaandika 18 badala ya 19, jibu linashuka kwa asilimia 10, na kosa hilo litaingia katika kila sampuli ya safari.

Kuvikusanya kwa chuma

Ukitaka kusoma jeni, virusi vya mililita 5 havitoshi. Njia iliyochapishwa mwaka 2011 ni rahisi na inaokoa zaidi ya asilimia 90, wakati uchujaji wa mtiririko wa pembeni, uliotumika zamani, katika majaribio hayo hayo uliokoa robo hivi au pungufu.

Chuja lita 20 kwa mikroni 0.22 ili bakteria wabaki nyuma. Yeyusha gramu 4.83 za kloridi ya chuma yenye maji sita katika mililita 100 za maji safi. Mchanganyiko uwe angavu, wa rangi ya chai ya rangi. Ukiwa na ukungu, chuma kimeshaganda na hakitashika kitu, tengeneza upya. Tia mililita 1 kwenye dumu, tikisa dakika moja, tia mililita 1 nyingine, tikisa tena. Acha saa nzima. Chuma hugeuka kutu laini na virusi hunata humo. Pitisha maji yote kwenye chujio la polikaboneti la mikroni 1.0 lenye upana wa milimita 142, ukibadilisha chujio maji yakianza kusuasua.

Chukua mililita 5 za maji yaliyotoka chini ya chujio uzihesabu kwa njia ya hapo juu. Zikiwa karibu tupu, virusi vimebaki kwenye kutu. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu kifaa cha kutolea DNA.

Kunja chujio, upande wenye kutu ndani, liingie kwenye neli ya mililita 50, likae na unyevu wake kwenye digrii 4 gizani. Kuyeyusha kutu kunahitaji bafa iliyotengenezwa siku hiyo hiyo: katika mililita 80 za maji tia gramu 1.51 za Tris, gramu 3.72 za EDTA yenye sodiamu mbili, na ukishaona imeyeyuka, gramu 4.07 za magneziamu kloridi yenye maji sita, halafu gramu 3.52 za asidi askobiki, ile vitamini C. Sahihisha pH iwe 6.0 kwa sodiamu haidroksaidi, jaza hadi mililita 100. Lita 20 zilibeba miligramu 20 za chuma, hivyo mililita 20 za bafa zinatosha. Zungusha neli taratibu usiku kucha kwenye digrii 4, gizani. Asubuhi rangi ya kutu iwe imetoweka. Ikiwa bado ipo, mara nyingi bafa ilikaa hadi vitamini C ikaungua kwa hewa. Ongeza bafa mpya, usiongeze joto.

Matope, na mipaka ya njia hii

Gramu moja ya tope la sakafu ina virusi milioni mia au zaidi, kwa hiyo nusu gramu inatosha. Changanya na mililita 4 za maji ya bahari yaliyochujwa yenye pairofosfeti ya sodiamu ya milimolari 5, subiri dakika 15, tia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti dakika moja mara tatu ukipumzisha nusu dakika katikati, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 800, kisha tumia maji yaliyobaki juu ya tope. Tia kimeng'enya cha DNase dakika 15 kabla ya rangi. Tope la kina limejaa DNA iliyo huru, na bila kimeng'enya slaidi nzima itawaka kijani. Punguza mara 100 hadi 500 ndipo uchuje.

Njia hii haioni kila kitu. Virusi vya RNA na vile vidogo vya DNA ya uzi mmoja hung'aa kidogo mno, ilhali vijifuko vya utando vinavyotolewa na bakteria vikibeba DNA hung'aa kama virusi. Tena hesabu haisemi nani anamshambulia nani. Kwa hilo unahitaji kumfuga mwenyeji, kama walivyofanya watafiti wa China waliotangaza mwaka 2023 kirusi vB_HmeY_H4907 kutoka tope la mita 8,900 katika Mfereji wa Mariana, kinachoishi ndani ya bakteria aina ya Halomonas. Na ukitaka kupima kasi ya virusi kuzaliana, shinikizo ni jambo la kwanza: kila mita 10 huongeza angahewa moja, na sampuli ya mita 1000 iliyowekwa mezani imepoteza angahewa mia. Kwa hesabu tupu, kihifadhi kikitiwa mapema, hilo halisumbui sana.

Mabaki ya glutaraldehaidi yasimwagwe baharini, hata kidogo. Yakusanywe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza na maandishi makubwa, lifungwe kamba mbali na maji ya kunywa na boksi la chakula, lirudi nchi kavu pamoja na sampuli.